Bunduki nafuu ya kuwindia nguruwe pori Texas: niiunganishe mwenyewe au ninunue iliyokamilika?

Mkulima wa Navasota

Salamu kwenu nyote. Ninalima eka 42 za kukodi karibu na Navasota, kaskazini-magharibi ya Houston, si mbali na mto Brazos. Nusu ya shamba ni mahindi, na iliyobaki ni viazi vitamu, sukuma wiki, mchicha na kunde, ambazo huwauzia watu wetu wa mjini kutoka Kenya, Tanzania, Kongo na Nigeria.

Mwaka huu nguruwe pori wameniingilia mara tatu. Mara ya kwanza ilikuwa usiku wa pili baada ya kupanda mahindi. Waliufuata kila mstari tangu mwanzo hadi mwisho wakifukua punje moja baada ya nyingine, na kulipokucha nilikuta eka tatu za vishimo vitupu. Mara ya pili walilima viazi kwa pua zao, na wasivyovila walivikanyaga. Mara ya tatu walibomoa bomba la maji na kugaagaa kwenye tope mpaka miche yote ya mchicha ikafukiwa.

Nilikulia Handeni, ambako babu yangu alilala kwenye dungu miezi yote ya mavuno akipiga debe na kuwasha moto, na nguruwe walimwogopa. Hawa wa huku hawaogopi debe wala redio. Majirani wananiambia hakuna dawa ila bunduki inayojipakia yenyewe, kwa sababu wanakuja kundi zima na risasi moja haitoshi. Rafiki yangu wa kazini anasema nikinunua vipande vya AR-15, bunduki moja ya aina hiyo, kidogo kidogo kila mwezi na kuviunganisha mwenyewe, nitaokoa fedha nyingi. Bajeti yangu ni dola 900 kwa vyote, yaani bunduki, darubini na risasi.

Naomba ushauri wenu katika mambo matatu. Je, kuunganisha mwenyewe ni nafuu kweli? Nichague kaliba gani, yaani ukubwa gani wa risasi? Na sheria inasemaje, ikiwa mimi ni mkaazi wa kudumu ambaye bado sijapata uraia, na mpwa wangu anayenisaidia shambani yuko hapa kwa viza ya masomo?

Fundi wa San Antonio

Ndugu Mkulima, pole sana kwa hasara hiyo. Nimewinda nguruwe kusini mwa San Antonio tangu 2013, na bunduki yangu ya kwanza niliiunganisha mwenyewe kwa vipande, kwa hiyo ninakujibu kwa yale yaliyopita mikononi mwangu.

AR-15 imekuwa bunduki ya vipande kwa sababu ya historia yake. Eugene Stoner aliibuni katika kampuni ya ArmaLite miaka ya 1950, ArmaLite ikaiuzia Colt haki zake mwaka 1959, na hataza zake zilipokwisha muda viwanda vingine vingi vikaanza kutengeneza vipande vya vipimo vilevile. Ndiyo maana mtutu wa kiwanda kimoja huingia kwenye mwili wa bunduki uliotengenezwa na kiwanda kingine. Rafiki yako hakukosea kusema kwamba jambo hilo linawezekana. Kilichobadilika ni hesabu. Mwaka ule nilipoanza, bunduki zilizokamilika zilikuwa zimeadimika na bei yake imepanda sana, hivyo vipande vilikuwa njia ya mtu asiye na uwezo. Leo viwanda vinashindana kwa bei, na bunduki ya kawaida iliyokamilika, isiyo na mapambo, hupatikana kwa dola 500 hadi 700. Ukijumlisha vipande vya ubora huohuo, gharama ya kusafirishiwa kila kifurushi na zana maalumu ambazo hutazitumia tena, unafika palepale au unapita.

Yangu ilikuwa ikikwama kila baada ya risasi mbili tatu. Duka lililoniuzia vipande lilisema kosa ni la mtengenezaji wa mtutu, na mtengenezaji akasema kosa ni la aliyeunganisha, yaani mimi. Miezi miwili ilipita, nguruwe wakiendelea kula mtama wa mwenye shamba niliyemwahidi kumsaidia, na mwishowe nilimlipa fundi mwenye leseni dola 140 ili ifanye kazi kama inavyopaswa. Bunduki iliyokamilika imepigwa risasi za majaribio kiwandani, na ina dhamana ya mtu mmoja anayewajibika. Kwa mkulima ambaye mazao yake yanaliwa usiku wa leo, hiyo dhamana ndiyo nafuu yenyewe. Ukitaka kupunguza zaidi, tafuta iliyotumika katika duka lenye leseni, kisha mlipe fundi aikague kabla hujaipeleka shambani.

Sasa kaliba. Katika bei unayoitaja utakutana hasa na nne. Ya kwanza ni .223 Remington, jamaa ya 5.56 ya kijeshi, ambayo risasi zake ni za bei ya chini na hupatikana kila duka. Nguvu yake mdomoni mwa mtutu ni karibu jouli 1,750, kiasi kinachotosha kwa nguruwe wa kilo 70 iwapo utachagua kichwa cha risasi kinachofaa. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Dume aliyekomaa ana ngao ya gegedu na ngozi nene mabegani, ambayo humkinga na meno ya madume wenzake wanapopigana, na vichwa vyepesi vilivyotengenezwa kwa ajili ya wanyama wadogo hupasukia juu ya ngao hiyo bila kufika ndani. Tumia kichwa cha shaba tupu, au kile ambacho madini ya risasi ya ndani yake yameshikamanishwa na gamba la shaba, chenye uzito wa greni 60 (kama gramu 4) au zaidi. Zile risasi za gamba zima za mazoezini, zisizopanuka zikigonga, ziache kwenye uwanja wa shabaha, kwa kuwa hutoboa tundu jembamba na mnyama akaenda kufia msituni baada ya mateso marefu. Hilo si haki kwa mnyama yeyote, hata huyu aliyekufilisi.

Ya pili ni 7.62x39, risasi ya AK, yenye jouli kama 2,000. Inafanya kazi nzuri kwa nguruwe, lakini ganda lake lina umbo la kuchongoka kuelekea mbele, na katika AR-15 hali hiyo huleta matatizo ya magazini, yaani kasha linalobeba risasi. Ya tatu ni .300 Blackout, ambayo ni nzuri kwa masafa yasiyozidi mita 140 hivi, ila risasi zake ni ghali zaidi, na ina hatari moja ambayo lazima niitaje. Inatumia magazini zilezile za .223, na risasi yake inaweza kuingia katika chemba (chumba cha risasi nyuma ya mtutu) ya .223, ikifyatuliwa humo bunduki hupasuka mbele ya uso wako. Nyumba yenye bunduki za kaliba hizo mbili yahitaji nidhamu kubwa sana. Ya nne ni .308, ambayo hakuna nguruwe atakayeihimili, lakini haiingii katika mwili wa AR-15. Inahitaji bunduki kubwa na nzito zaidi, na bajeti yako haifiki huko.

Ningekuwa wewe ningenunua .223 yenye mtutu wa inchi 16, ambao ndio ufupi wa mwisho unaoruhusiwa kwa bunduki ya aina hii bila usajili maalumu wa serikali kuu.

Fedha inayobaki iweke kwenye macho. Katika joto la Texas nguruwe hujificha mchana na kutoka usiku, na bunduki nzuri isiyoona ni fimbo tu. Darubini ya joto, ile inayomwonyesha mnyama akiwaka kama kaa la moto gizani, huanzia kama dola 1,000, kwa hiyo isahau kwa mwaka huu. Darubini ya kawaida ya dola 150 na tochi ya mwanga wa kijani au mwekundu ya dola 100 zitakufikisha mita 90, ambazo zinatosha kwa anayevizia penye njia yao. Usisahau kwamba moyo wa nguruwe umekaa chini na mbele zaidi kuliko wa paa au swala tuliyezoea kumwona kwetu. Mlenge nyuma tu ya kiwiko cha mguu wa mbele, katika theluthi ya chini ya kifua, akiwa amesimama ubavu.

Kuhusu kauli ya majirani kwamba risasi moja haitoshi: ni kweli kwa kiasi. Faida ya bunduki inayojipakia ni kwamba unapata risasi ya pili bila kuondoa shavu kwenye kitako. Baada ya hapo kundi limetawanyika, na anayefyatulia vivuli vinavyokimbia anajeruhi tu. Tena bonde la Brazos ni tambarare, na risasi ya .223 husafiri zaidi ya kilomita 2. Jenga dungu kama la babu yako, upige kuelekea chini, ili ardhi iwe nyuma ya kila risasi.

Mama Nasra, Dallas

Kaka Mkulima, mimi si wakili, ila kwa miaka mingi nimewasaidia wahamiaji wenzetu kujaza nyaraka, na nimeona watu wema wakipoteza haki ya kuishi hapa kwa jambo la bunduki ambalo walidhani ni dogo. Naomba unisome taratibu.

Wewe mwenyewe huna kizuizi. Mkaazi wa kudumu anaruhusiwa na sheria ya serikali kuu kununua bunduki katika duka lenye leseni, akijaza Fomu 4473, ile ya serikali kuu ya kununulia bunduki, na kupita uhakiki wa rekodi. Ukinunua vipande, kipande kimoja, yaani mwili wa chini wenye namba ya usajili, kinahesabiwa kisheria kuwa ndicho bunduki, nacho kina fomu na uhakiki uleule. Kwa hiyo usidhani kuunganisha ni njia ya kukwepa karatasi. Sheria ya serikali kuu haimzuii mtu asiye na kizuizi kujitengenezea bunduki kwa matumizi yake mwenyewe, lakini kuzitengeneza kwa biashara bila leseni ni kosa, na baadhi ya majimbo yana masharti makali zaidi ya haya ya Texas.

Mpwa wako ndiye ninayemhofia. Mtu aliye hapa kwa viza isiyo ya uhamiaji, ikiwemo ya masomo, amekatazwa na sheria ya serikali kuu kumiliki au hata kushika bunduki, isipokuwa awe ndani ya mojawapo ya misamaha iliyotajwa. Msamaha unaotumiwa zaidi ni kuwa na leseni halali ya uwindaji iliyotolewa na jimbo lolote la Marekani. Sasa angalia mtego ulipo. Tangu tarehe 1 Septemba 2019 Texas haimdai mtu leseni ya uwindaji anapowinda nguruwe pori katika ardhi ya mtu binafsi kwa idhini ya mwenye ardhi. Kijana atasikia kwamba leseni haihitajiki, ataamini, atashika bunduki, na kumbe kwake yeye leseni hiyohiyo ndiyo inayomtenganisha na kosa la jinai la serikali kuu. Sheria mbili zinasema mambo mawili, na zote mbili zinamhusu. Basi ainunue leseni na kutembea nayo, na kabla ya hapo mwoneni wakili wa uhamiaji mkiwa pamoja. Usimkabidhi bunduki hata dakika moja kabla ya hilo, maana anayemkabidhi aliyekatazwa naye ana kosa lake. Wala usinunue bunduki kwa fedha ya mtu mwingine ukaandika kwenye fomu kwamba ni yako.

Jambo la mwisho ni kwamba umekodi shamba. Idhini inayotakiwa ni ya mwenye ardhi au wakala wake, hivyo ipate kwa maandishi. Pia sheria ya Texas inamzuia mwindaji kupiga risasi inayovuka mpaka wa shamba kuingia kwa jirani bila ridhaa yake, na kwa eka 42 mpaka hauko mbali. Waarifu majirani kila usiku utakaowinda.

Binti Singida

Nawaheshimu waliotangulia, na sina la kusahihisha katika waliyosema kuhusu bunduki na sheria. Lakini kazi yangu ya kila siku ni kuwaondoa wanyama waharibifu mashambani, huku Missouri, na naona swali limeanzia mahali pasipofaa. Ndugu yetu hataki bunduki; anataka mahindi yake.

Nguruwe hawa si wanyama wa asili wa bara hili. Mababu zao waliletwa na Wahispania, na Hernando de Soto aliposhuka Florida mwaka 1539 alikuwa na nguruwe msafarani. Baadaye walowezi waliwaachia wajitafutie chakula msituni, na katika karne ya 20 wawindaji wenye fedha wakaleta nguruwe pori halisi wa Ulaya, wakachanganyika. Leo Marekani ina zaidi ya milioni 6, na Texas ndiyo yenye wengi kuliko jimbo lolote. Jike anaweza kushika mimba kabla hajatimiza mwaka mmoja, hubeba kwa siku zipatazo 115, na kwa kawaida huzaa watoto wanne hadi sita au zaidi. Kwa uzazi huo, ili idadi yao isiongezeke tu, inabidi kuondoa kama theluthi mbili ya nguruwe wote wa eneo kila mwaka. Mtu mmoja juu ya dungu, akiua wawili Ijumaa na mmoja Jumamosi, hafikii hesabu hiyo hata akiwa mlengaji hodari.

Tena kila risasi inawafundisha. Nguruwe ana akili nyingi, na kundi hufuata majike wazee. Ukiua mmoja, wengine hukimbilia shamba la jirani, hujifunza kuepuka mahali pale na saa ile, na baada ya wiki mbili hurudi kwa njia nyingine. Sisi tumelijifunza hilo kwa gharama. Mwaka 2016 Missouri ilipiga marufuku kuwawinda nguruwe hawa katika ardhi inayosimamiwa na idara ya uhifadhi, kwa sababu wawindaji waliyavuruga makundi ambayo wataalamu walikuwa wakiyavutia mitegoni, na wengine walikuwa wakiwaachia nguruwe wapya ili wapate cha kuwinda. Tennessee ilifungua uwindaji jimbo zima mwaka 1999 ikitarajia watapungua. Walienea kaunti kwa kaunti, na mwaka 2011 jimbo likabadili mwelekeo.

Kinachofaa ni mtego wa uzio wa duara wenye lango pana. Unaweka mahindi nje yake kwa siku kadhaa, kisha ndani, lango likiwa wazi, na kamera inakuonyesha nani anaingia. Usifunge siku ya kwanza ukiona wanane ndani na wanne nje, maana hao wanne huenda wasikubali tena kuingia mtegoni. Subiri hata wiki mbili, mpaka kundi zima liingie, ndipo ufunge. Siku hizi kuna malango yanayofungwa kwa simu, nayo ni ghali kuliko bunduki yako, lakini ofisi za huduma za ugani za kaunti huko Texas husaidia kwa ushauri, na wakulima majirani wanaweza kuchangia mtego mmoja na kuuhamisha. Lango rahisi linalofungwa na waya nguruwe wanapokifikia chambo unaweza kulichomelea mwenyewe. Hapo, ndugu yangu, ufundi wa kuunganisha vipande una faida kubwa zaidi.

Bunduki inunue, ila iwe ya kumalizia: ndani ya mtego, na kwa yule mmoja au wawili waliobaki nje.

Mzee wa Bukavu, Abilene

Wanangu, nimewasoma wote kwa furaha. Naongeza jambo la afya tu, kwa sababu hapa Abilene nimemwona kijana wetu akilazwa kwa homa iliyokuja na kuondoka kwa wiki nyingi, na chanzo kilikuwa kuchuna nguruwe kwa mikono mitupu. Nguruwe hawa hubeba ugonjwa wa bruselosi, nao huingia kwa mwanadamu kupitia damu na majimaji ya mnyama, hata katika kijeraha kidogo cha kidole. Vaeni glavu za mpira, kingeni macho, na msiwape mbwa matumbo. Wenye kula nyama hiyo waipike mpaka ndani ifike nyuzi 71 za Selsiasi. Na isiuzwe, Mkulima, hata kwa wateja wako wa mboga, kwani nyama ya mnyama aliyepigwa risasi porini haikukaguliwa akiwa hai, na sheria hairuhusu iingie sokoni.

Mkulima wa Navasota

Nawashukuru sana, na shikamoo Mzee wetu wa Abilene. Mimi ni Mwislamu na nyama hiyo haiingii nyumbani kwangu, lakini mpwa wangu na majirani ndio wangechuna, kwa hiyo glavu nitanunua leo.

Nimemsomea mwenye ardhi maneno ya Binti Singida jana jioni, kwa kuwa yeye mwenyewe amekuwa akiwapiga nguruwe hawa kwa miaka 20 na hawajawahi kupungua. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema ana mabati ya uzio wa ng'ombe yasiyotumika nyuma ya ghala, na kwamba jirani wa upande wa mto yuko tayari kuchangia lango. Kibali cha maandishi amenipa. Bunduki nitanunua .223 iliyotumika, kwa duka la mjini Bryan lenye fundi wake, na sitagusa habari ya vipande. Kijana nimemwambia asishike kitu mpaka tumwone wakili, naye amekubali; kazi yake kwa sasa ni kamera na mahindi ya chambo.

Nina swali moja kwa Binti Singida. Kamera niliyoweka juzi imeonyesha majike watatu na watoto kumi na mmoja, na dume mmoja mkubwa anayekuja peke yake saa tisa za usiku, wao wakiwa wameshaondoka. Je, nimsubiri na yeye aingie kabla ya kufunga lango?

Binti Singida

Usimsubiri. Madume wakubwa hutembea peke yao, na huenda asiingie na kundi hata kwa mwezi mzima. Wakishaingia wote kumi na wanne, funga. Yeye atarudi palepale kutafuta mahindi na majike, nawe utakuwa juu ya dungu na ardhi nyuma ya risasi, kama Fundi alivyosema. Ila hakikisha kima cha uzio hakipungui mita moja na nusu, na uyafunge mabati upande wa ndani wa nguzo, nguzo zibaki nje, maana watakapogundua wamefungiwa, wote watarukia upande mmoja kwa pamoja.